Kupima Usalama Kazini
Ndugu zangu mlio shuleni, shikeni kalamu. Tuseme hapa Kampala yajengwa majumba mawili. La kwanza wameumia watu 4 katika saa 200,000 za kazi. La pili watu 3 katika saa 60,000. Lipi lina hatari zaidi? Zidisha idadi ya walioumia kwa 1,000,000, kisha gawanya kwa saa. La kwanza ni 20, la pili 50.

Lakini hesabu hutaka ukweli. Nilipokuwa kibarua, mwenzangu alianguka kwenye ngazi mbovu akavunjika mkono. Mnyapara hakuandika neno, nami nikanyamaza. Daftari likabaki safi, na ngazi ikabaki mbovu. Sheria ya Uganda ya 2006 yataka ajali ziarifiwe. Andikeni hata tofali lililoanguka lisimpate mtu, kisha tengenezeni palipoharibika siku ile ile.