Jumba la Wageni

Mgeni akifika Gisenyi huonyeshwa nyumba za zamani zilizo kando ya Ziwa Kivu, zenye baraza na bustani, akaambiwa kuwa huo ndio urithi wa mji. Nyumba hizo ni nzuri, sikatai. Lakini wanafunzi wangu wa historia wameniuliza: Je, Waswahili waliohamia huku hawakuacha urithi? Swali hili lafaa kujibiwa, nami nitaanza na jumba moja la mbali, maana waliolijenga walikuwa watu wa namna moja na Waswahili wetu wa kwanza.

Wajerumani walipotawala Afrika ya Mashariki walikuja na askari, makarani na wapagazi. Wengi wao walikuwa Waislamu waliosema Kiswahili. Waliofika Rwanda wakajenga msikiti Nyamirambo, Kigali, mwaka 1913. Wabelgiji walipokuja baadaye wakawatenga katika mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na kutoka humo kulitaka ruhusa. Shule karibu zote zilikuwa za misioni, basi watoto wao wengi wakakosa masomo. Mtu aliyezaliwa papa hapa aliendelea kuitwa mgeni.

Huko Dar es Salaam nako walikuwako wageni. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, aliyeletwa na Wajerumani kuwa askari. Mwanawe, Kleist Sykes, alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapigana Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi katika reli. Mwaka 1929 yeye na wenzake wakaunda Chama cha Waafrika. Wanachama walitoka makabila mengi, na katika mji ule wengi walikuwa wa kuja. Wamanyema, kwa mfano, asili yao ni Kongo ya mashariki, yaani upande wetu huu, na msikiti wao uko Kariakoo mpaka leo.

Chama kilihitaji mahali pa kukutania. Serikali haikuwajengea, walijitolea wenyewe, kwa fedha na kwa mikono, wakajenga jumba lao New Street, likamalizika mwaka 1933. Halikuwa jumba la fahari. Hata hivyo lilikuwa mahali ambapo mtu wa kabila lolote aliweza kuketi, akasema, akasikilizwa. Humo, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilizaliwa. Kadi ya kwanza alipewa Julius Nyerere. Ya pili na ya tatu walipewa Ally na Abdulwahid, wana wa Kleist. Wajukuu wa askari mgeni! Kleist mwenyewe hakuyaona hayo, maana alifariki mwaka 1949. Leo New Street yaitwa Lumumba.

Matajiri waliohamia nao walijenga. Jumba la Karimjee lina jina la ukoo wa wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, na Bunge la Tanganyika lilikutana humo baada ya uhuru wa 1961. Lakini mimi napenda zaidi lile la New Street, kwa sababu waliolijenga hawakuwa na mali.

Turudi Gisenyi. Mji wetu ni wa mpaka na wa kazi. Kiwanda cha Bralirwa kilianzishwa mwaka 1957, na tangu mwaka 1963 gesi ya ziwa ikatumika humo. Twajua habari za kiwanda, maana zimeandikwa. Habari za mtaa hazikuandikwa hivyo. Ziko vinywani mwa wazee, na wazee wanapungua. Kiswahili chenyewe, kilichohesabiwa zamani kuwa lugha ya watu wa kambini, kilipitishwa mwaka 2017 kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Huo nao ni urithi, ijapokuwa hauna paa.

Basi kazi yenu ni hii. Kila mmoja amwendee mzee mmoja wa mtaa wa Waswahili, kwa adabu, na si wakati wa sala. Amwulize watu walikutana wapi kwa arusi, kwa matanga na kwa mashauri. Nani alitoa kiwanja, na mabati yalinunuliwa kwa fedha gani. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba, mkaniletee kabla ya likizo.