Safura kwa Wazee

Safura ni upungufu wa damu unaoletwa na minyoo wadogo, wenye urefu wa takriban sentimita 1, ambao hung'ata ukuta wa utumbo mwembamba na kufyonza damu. Mnyoo mmoja humpotezea mtu mililita 0.03 hadi 0.2 kwa siku, kutegemea aina yake, kiasi kisichoonekana chooni. Lakini minyoo wakiwa wengi na wakikaa kwa miaka, akiba ya madini ya chuma mwilini huisha na protini nazo huvuja pamoja na damu.

Tofauti na mchango, ambao huwashika zaidi watoto, safura huendelea kuwapata watu wazima hadi uzeeni, kwa kuwa viluwiluwi vya minyoo hao hupenya ngozi ya mtu anayelima pekupeku penye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Hata hivyo, kampeni za dawa za minyoo nchini Tanzania huwalenga hasa wanafunzi. Kule Zanzibar, kuanzia mwaka 2001, wazee waligawiwa albendazoli pamoja na ivermektini, ila lengo lilikuwa kutokomeza matende na mabusha. Safura ilitibiwa kwa bahati tu.

Mzee aliyepoteza meno huacha nyama na kunde, akabaki na uji na chai, na chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia chuma kufyonzwa. Anapochoka upesi, akishikwa na kizunguzungu na viganja vikiwa vyeupe, jamaa husema ni uzee, ilhali uzee peke yake haumalizi damu: himoglobini iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke, hudai kutafutiwa chanzo.

Choo kikipimwa na safura ikathibitishwa, albendazoli ya miligramu 400 huua minyoo lakini hairudishi chuma kilichopotea, hivyo mgonjwa huhitaji pia vidonge vya madini hayo kwa miezi kadhaa, pamoja na dagaa waliosagwa, maini laini, na mboga za majani zilizokamuliwa limau. Damu isipopanda baada ya hapo, au choo kikiwa cheusi kabla ya kuanza vidonge hivyo, ambavyo navyo hukifanya cheusi, mzee apelekwe hospitali kuchunguzwa vidonda vya tumbo na saratani ya utumbo.