SOMO: UKIKATIWA MSAADA NAWE UNA ULEMAVU

Kambini hatuna pensheni ya ulemavu. Kinachoshika nafasi yake ni msaada wa PAM, na huko jina linaweza kutolewa kwenye orodha. Hapa Nkamira tunapita tu, wengi wataendelea Mahama, kwa hiyo tujifunze mapema.

Kwanza uliza majirani. Kama wote mmepunguziwa, ni pesa za wafadhili zimepungua, kama Machi 2021 PAM ilipokata posho kwa asilimia 60 katika kambi za Rwanda. Hapo rufaa haisaidii. Kama ni familia yako peke yake, huo ni uamuzi juu yenu, na unaweza kuukatia rufaa.

Mei 2021 familia zilianza kugawanywa makundi matatu: wenye shida kubwa, wenye shida ya kati waliopewa nusu, na walioonekana wanajiweza, ambao hawakupewa. Inapimwa familia nzima, si mtu mmoja. Hapo ndipo kosa linaweza kuingia. Baba wa miaka 35 aliyekatwa mguu anaweza kuhesabiwa mtu mzima mwenye nguvu za kazi, kwa sababu siku ya kuandikishwa alikuwa ameketi kwenye benchi na hakuna aliyemwuliza.

Kwa hiyo usiandike tu “mimi ni mlemavu, nihurumieni”. Eleza siku yako. Yako maswali sita yanayotumika nchi nyingi: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kuoga na kuvaa, kuelewana na watu. Kwa kila moja sema kama huna shida, una shida kidogo, shida kubwa, au huwezi kabisa. Kisha taja anayekusaidia: “Sifiki chooni peke yangu. Binti yangu wa miaka 13 ananishika mkono, ndiyo maana haendi shule.” Maneno hayo yana uzito kuliko kurasa mbili za kulia. Najua tunaona aibu kutaja choo. Taja.

Ulemavu usioonekana, kama uziwi au ugonjwa wa akili, unahitaji zaidi karatasi ya kituo cha afya. Angalia jina lako limeandikwa sawasawa na kwenye karatasi ya HCR, hata herufi moja.

Peleka maelezo kwa wanaopokea malalamiko wa HCR na PAM. Asiyeweza kutembea atume mtu, au atuite sisi wahudumu wa afya. Omba uandikiwe tarehe uliyopokelewa. Rufaa hailipiwi, anayekudai pesa ni mwizi. Wala si kuomba fadhila: Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 11 kinataka walindwe wakati wa vita na majanga.

Karatasi zako zitunze mvua isizifikie. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini humu tangu 2008, basi tafuta kopo la maziwa lenye kifuniko. Siku ya kupanda basi la Mahama, libebe mkononi, usilifunge kwenye mizigo.