Gari Linapolala: Mahali, Ruhusa na Hatari

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wakazi wa mipakani hulitazama kila jioni bila kulipa uzito unaolistahili. Jua linapozama pale Malaba, Busia, Mutukula au Elegu, matrela huanza kujipanga kando ya barabara, moja nyuma ya jingine. Dereva huzima injini, utingo hushuka kutafuta chakula, na biashara za usiku huanza. Siku hizi huongezeka pia magari ya watalii yenye vitanda na jiko ndani yake, ambayo wenyewe huyafanya nyumba na kuvuka nayo nchi hata nchi. Swali linalotujia mara kwa mara katika mikutano ya vijiji ni hili: je, gari linaruhusiwa kulala mahali popote?

Jibu fupi ni kwamba haliruhusiwi. Lakini jibu fupi halimfai mtu anayeishi hatua ishirini kutoka kwenye lori la mafuta, kwa hiyo tutaeleza kwa urefu kidogo.

Ni vema tuanze na tukio lililotokea. Mwanzoni mwa Januari 2023, usiku, basi liligonga trela lililokuwa limesimama kando ya barabara katika wilaya ya Kiryandongo. Watu 16 walipoteza maisha. Trela lile halikuwa likienda popote. Wengi hudhani kwamba gari likishasimama hatari yake imekwisha, na kwamba mwendo kasi ndio pekee unaoua. Usiku, katika barabara isiyo na taa, trela lililosimama ni ukuta ambao dereva anayekuja huuona akiwa amekwisha kuufikia. Taa za gari linalomkabili zikimpiga machoni, hauoni kabisa.

Ndiyo maana sheria ya usafiri na usalama barabarani ya mwaka 1998, pamoja na kanuni zake, haimwachii dereva uhuru wa kuegesha apendavyo. Gari halipaswi kuachwa mahali linapowazuia au kuwahatarisha wengine, na gari lililoharibika lazima liwekewe pembetatu za kuakisi mwanga. Tawi la mti lililotupwa barabarani, ambalo wengi wamelizoea, si mbadala wa pembetatu. Usiku tawi halionekani, na mara nyingi dereva huondoka alfajiri akaliacha palepale, likawa ajali ya mwendesha bodaboda.

Wakazi wa Elegu, na wale wanaopakana na Rwanda na Kongo, wana jambo la ziada la kuangalia. Sudan Kusini, Rwanda na Kongo huendesha magari upande wa kulia. Sisi huendesha upande wa kushoto. Dereva aliyechoka, aliyetoka Juba asubuhi, huweza kusogea na kuegesha upande aliouzoea. Hapo gari lake huwaelekea wanaokuja kwa uso wake, na viakisi vyekundu vya nyuma, ambavyo ndivyo vingewaonya, vimegeukia upande mwingine. Mkazi akiliona gari la namna hiyo, amwamshe dereva kwa upole. Hilo si kosa la ukaidi, ni mazoea ya mwili.

Tukija kwenye suala la ruhusa, watu wengi huchanganya ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya mwenye kiwanja. Ya pili ni ya mamlaka ya mahali. Nchini Marekani, wasafiri wenye magari ya kulala wamezoea kuomba nafasi ya usiku mmoja katika viwanja vya kasino na maduka makubwa, na baadhi ya wenye viwanja hukubali kwa kuwa mgeni atakula na kutumia fedha pale. Hata hivyo, ipo miji ambayo sheria zake ndogo hukataza kulala ndani ya gari, na hapo ukarimu wa mwenye kasino haumwokoi msafiri anapoamshwa na askari usiku wa manane. Hapa kwetu mambo hufuata mantiki hiyohiyo. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, na jiji la Kampala linasimamiwa na KCCA. Mwenye kituo cha mafuta, nyumba ya wageni au kasino anaweza kusema "karibu" katika eneo lake; hawezi kumruhusu mtu kulaza trela kwenye hifadhi ya barabara iliyo mbele ya lango lake. Na kwa kuwa tumeitaja kasino, tukumbushane kwamba sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Utingo wa miaka 20 hapati ruhusa hiyo kwa sababu gari la bosi wake limeegeshwa pale.

Kwa mtalii mwenye gari la kulala, ushauri wetu ni mwepesi: atumie kambi za wageni, hoteli zenye ua, au vituo vyenye walinzi, naye aombe ruhusa kabla ya kuzima injini. Wenyeji wasimwone kuwa mhalifu kwa sababu tu amelala garini. Vilevile wasimtoze "ada ya usiku" isiyo na stakabadhi. Tumekuwa tukizipata habari za vijana wanaojifanya wasimamizi wa maegesho. Hao si wasimamizi. Anayetoza ada halali hutoa stakabadhi ya halmashauri au ya mwenye eneo, na faini ya polisi hulipwa benki, haipokelewi mkononi na askari.

Malori ya mafuta yanahitaji kauli kali zaidi. Tarehe 29 Juni 2013, pale Namungoona jijini Kampala, lori la mafuta lilipata ajali, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 30. Mnamo Oktoba 2024 msiba wa namna hiyo ulirudi Kigogwa, wilaya ya Wakiso. Majirani zetu wamezika pia: Sachangwan nchini Kenya mwaka 2009, Sange nchini Kongo mwaka 2010, ambako walikufa zaidi ya 200, na Morogoro nchini Tanzania mwaka 2019. Lori la mafuta linalolala katikati ya nyumba, huku pembeni yake mama akichoma mahindi kwa makaa na kijana akinyonya dizeli kwa mpira, limekusanya kila kitu ambacho moto unahitaji. Mafuta hayo ya wizi huishia katika madumu chini ya vitanda. Katika hili hatuna upole: anayeyanunua ni mshirika wa anayeyaiba, na watoto wanaolala juu ya madumu hayo hawakuulizwa.

Pamoja na hayo, hatuwaombi wakazi wawafukuze madereva. Kutoka Malaba hadi Kampala ni kilomita zipatazo 220, na wengi huwa wameanza safari Mombasa. Dereva anayesinzia ni hatari kuliko trela lililoegeshwa vizuri; kumsukuma barabarani saa saba usiku ni kuihamishia hatari hiyo kijiji kinachofuata. Januari 2022, wakati wa masharti ya kupimwa ugonjwa wa korona, foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita, na madereva wakalala garini siku nyingi bila choo wala maji. Miji ya mipakani inahitaji viwanja vya kulaza magari vilivyo mbali na makazi, vyenye taa, choo na walinzi. Wenyeviti wa LC1 walifikishe suala hilo kwenye halmashauri zao. Polisi hawana mamlaka ya kutenga ardhi.

Mkazi anayeona gari limeachwa vibaya usiku apige simu 999 au 112 bila malipo. Aeleze mahali kwa kutaja alama inayojulikana, upande wa barabara, kama taa zinawaka, na kama ni lori la mafuta. Namba ya gari ni msaada, lakini asilisogelee kwa ajili ya kuisoma iwapo ananusa mafuta.