Somo la Kununua kwa Simu Kitu Kisichoonwa

Bismillahi. Ama baada ya haya: mji wa Tunduma, katika mkoa wa Songwe, ni mlango wa biashara baina ya Tanzania na Zambia. Siku hizi bidhaa humjia mtu wa huko katika simu yake, kwa picha nzuri na bei ya chini. Muuzaji husema yuko Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Hutaka fedha kwanza, kisha hutuma picha ya stakabadhi ya basi. Mnunuzi huenda stendi asikute mzigo, na akipiga simu haipokelewi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu maalumu asichokiona mnunuzi hakusihi, kwa ajili ya gharari, yaani hatari ya kutojua. Na picha si kuona. Picha moja yaweza kuonyeshwa na watu mia wasio na kitu.

Basi njia ni mbili. Ya kwanza, kumweka wakili mwaminifu huko kitu kiliko, akitazame ndipo akinunue. Ya pili, kutofunga mkataba mpaka kitu kifike na kukaguliwa, ndipo fedha ilipwe.

Ama biashara ya salamu, ambayo bei yote hutangulia, imeruhusiwa kwa masharti: kitu kiwe deni juu ya muuzaji, sifa na kipimo vitajwe, na wakati wa kukileta ujulikane. Lakini asiyejulikana jina wala makazi, deni hilo atadaiwa wapi? Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imemlazimu muuzaji kutaja jina, anwani, sifa za bidhaa na bei. Akikataa kuyataja, na aachwe.

Kabla ya kuingiza namba ya siri, mnunuzi na alisome jina litokealo. Likihitilafiana na la muuzaji, azuie mkono wake. Na ujumbe wa matapeli aupeleke namba 15040.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta maji chini, akamkemea mwenyewe kwa kuyaficha. Ikiwa huo ni udanganyifu, basi kuuza kisichokuwapo ni zaidi.

Na aliyehadaiwa asinyamaze kwa haya. Awaambie wenziwe, wasije wakatumbukia shimo lilo hilo.

Wallahu aalam.