Nati ya oltaneta haidai nguvu zako zote

*Fundi, naendesha Land Cruiser ya watalii hapa Karatu. Nati inayoshika waya mkubwa wa betri kwenye oltaneta inalegea kila nikirudi kutoka Naabi. Safari iliyopita niliikaza kwa nguvu zote, bolti yake ikakatika. Nikaze kiasi gani? – Dereva, Karatu*

Pole, mwanangu. Nati inayolegea kila safari mara nyingi haikukosa nguvu, ilikaa vibaya tangu mwanzo. Bolti ikikazwa huvutika kidogo sana, na kule kuvutika ndiko kunakobana vyuma. Kukiwa na vumbi, kutu au rangi katikati, umebana uchafu. Ukishapita geti la Lodoare na kuingia kwenye yale mawimbi ya barabara ya kuelekea Naabi, mtikisiko unausaga uchafu huo, panabaki upenyo, nati inalegea. Waya unashika moto, plastiki inayeyuka, betri haijai.

Hiyo bolti iliyokatika ibadilishwe, usikubali ichomelewe.

Kabla ya kugusa chochote, fungua waya wa hasi kwenye betri. Bolti ile ina umeme hata gari likiwa limezimwa, na spana ikigusa bodi unaweza kuungua vibaya. Sugua kichwa cha waya mpaka shaba ing'ae, kikae bapa, kisha weka washa na nati nzima. Meno yawe makavu. Ukiyapaka grisi nati inateleza, na mkono uleule unaivuta bolti kupita kiasi.

Kwenye Toyota nyingi nati hiyo ni ya spana namba 10, nayo hutosheka na nyutoni-mita 10 hivi au pungufu. Kwa spana ya sentimita 10, ni kama kuning'iniza kilo 10 kwenye ncha yake. Mkono wa mtu mzima unavuka hapo bila kujua, sembuse ukiunga bomba! Bolti za namba 12 zinazoshika oltaneta huchukua kama 20 hadi 25, za namba 14 zaidi. Kitabu cha gari lako ndicho kinachoamua. Bolti hizo zianze kwa vidole, kwa sababu aluminiamu ya oltaneta haisamehe meno yaliyopandana. Gereji yenye spana ya kupimia ukazo inastahili hela yako.

Ukimaliza, rudisha hasi, washa injini, taa kubwa na feni. Weka ncha moja ya mita ya umeme kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya oltaneta. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, kuna mahali hapajashika.

Na kama gari lako ni la zamani lenye injini ya 3B au 2H, pampu ya kusaidia breki imefungwa nyuma ya oltaneta hiyohiyo. Usishuke Kreta ikiwa oltaneta inacheza.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikipoa, fungua tena hasi uijaribu nati. Ukiikuta imelegea, usiongeze nguvu. Ifungue uangalie meno na kichwa cha waya.