Fundisho la afya: Mafuta ya ngozi kwa mikono yenye egzema



Mara nyingi katika kurasa hizi tunaongea juu ya mbegu, ugonjwa wa mosaiki wa muhogo na bei ya kahawa. Leo tunaongea juu ya mikono yenyewe.

Katika koperative moja tuliyotembelea, mama mmoja wa kazi ya kumenya na kuloweka muhogo alikuwa amekaa nyumbani tangu majuma matatu. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, ngozi imekauka na kuwa ngumu, usiku anajikuna mpaka damu inatoka. Wenzake walimwambia: “Mama, usiguse tena fufu yetu, utatuambukiza.” Yeye mwenyewe alifikiri ni uchafu, akazidi kunawa na sabuni ya kufulia, kisha na maji ya javel. Mikono ikazidi kuharibika, na malipo ya siku yakapotea.

Ugonjwa ule unaitwa egzema. Hauambukizi, hata kwa kusalimiana, hata kwa kula chakula ambacho mgonjwa amepika. Kwa ngozi nyeusi haionekani sana nyekundu sawa vile picha nyingi zinavyoonyesha. Mara nyingi inaonekana kama alama nyeusi zaidi ao za kijivu, kavu, zenye kukwaruza.

Fikirini ukuta wa matofali. Ndani ya ngozi kuna mafuta ambayo ni kama udongo unaoshika matofali pamoja. Mtu wa egzema ana udongo huo kidogo. Maji ya kulowekea muhogo, sabuni kali, javel, majivu na dawa za shamba vinauondoa zaidi. Unyevu unatoka, vitu vya kuchoma vinaingia, ngozi inawasha. Kazi ya mafuta ya kupakaa ni kuziba zile nafasi.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanapakaa kidogo tu asubuhi, kama vile mtu anajitayarisha kwenda kanisani, kisha wanasema mafuta hayasaidii. Mafuta ni lazima yaingie mara nyingi, na yawe ya kutosha. Kwa mikono miwili peke yake, mtu mzima anatumia karibu gramu 25 mpaka 50 kwa juma. Kama egzema imeenea mwili mzima, anaweza kufika gramu 500.

Chagua mafuta mazito yasiyo na manukato. Vazelini ya kawaida inafaa vizuri na haina bei kali. Yale yenye kunukia maua yanachoma ngozi iliyopasuka. Nawa na maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, suuza vizuri. Usisugue na kitambaa. Gusagusa tu ili maji yapungue. Ngozi ingali na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, pakaa mafuta kwa kufuata njia ya vinywele, toka juu kuelekea chini, bila kusugua kwa nguvu. Rudia kila mara unaponawa, na mbele ya kulala. Ukipakaa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, mafuta bado yanasaidia. Na usiache siku ngozi inapopona: zile siku nzuri ndizo zinazojenga ukuta.

Chota na kijiko safi, si vidole, ili kopo lisiingie vijidudu. Usiku unaweza kufunga mikono na kitambaa safi cha pamba juu ya mafuta. Lakini angalia moto! Kitambaa chenye kulowa vazelini kinawaka haraka sana; kikae mbali na mbabula na kibatari, na kifuliwe mara nyingi.

Wakati egzema inapanda sana, mafuta peke yake hayatoshi. Muganga wa kituo cha afya anaweza kutoa pomade ya kortizoni. Inapakaliwa tu mahali penye kuuma, kwa siku alizohesabu yeye, na unaacha karibu nusu saa kati yake na vazelini. Msichanganye hii na pomade za kujichubua za sokoni. Nyingi zina kortizoni kali iliyofichwa ndani, ndiyo maana mwasho unapotea haraka na mtu anafikiri amepata dawa. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, na siku akiacha, ugonjwa unarudi kwa nguvu. Mama yule alikuwa amekwisha kununua mbili.

Si kila mwasho ni egzema. Kama watu wengi wa nyumba moja wanajikuna usiku, hasa kati ya vidole, inaweza kuwa upele, na inafaa wote watibiwe pamoja. Usaha, maganda ya manjano, ao malengelenge ya kuuma pamoja na homa na tezi zilizovimba: nenda kituo cha afya siku ile ile, kwa sababu mpox iko katika maeneo yetu na inahitaji kuangaliwa mapema.

Kwa mama yule, kamati ilitoa feza katika sanduku, ikanunua kopo la vazelini na mifuko ya mikono ya mpira. Ndani ya mpira anavaa kwanza ya pamba, sababu jasho nalo linawasha. Kwa muda walimweka kwenye mizani, mbali na maji, na hakupoteza malipo. Kopo sasa linakaa pembeni ya bidon ya kunawia, kwa kila mtu.

Zoezi la mkutano: watu wawili wanawe mikono. Mmoja apakae vazelini mara moja, mwingine aache. Kisha robo saa, mtone maji kidogo nyuma ya kila mkono, na wote waangalie pale maji yanaposimama kama shanga na pale yanaposambaa. Wale waliosema fufu ya mgonjwa ni mbaya wakae mbele.